Ukisubiri uboho, usiwe mgonjwa mpole

Mgonjwa asiyelalamika husifiwa sana. Ndugu wakija kumtazama huambiwa, "huyu hana neno, hasumbui mtu," nao huondoka wameridhika. Katika wodi ya saratani ya damu sifa hiyo inaweza kuua. Nimelala huko miezi mingi nikitundikiwa kemo huku nikisubiri kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na kwa anayeingia leo nina ombi moja: wasumbue wauguzi na madaktari.

Dawa za kemo hazichagui. Zinapofyeka seli za saratani zinafyeka na uboho uliobaki mzima, na hesabu ya damu huendelea kushuka hata baada ya dripu ya mwisho kuondolewa. Ndiyo maana siku dawa zinapoisha unaweza kucheka na wageni, kisha wiki inayofuata ukashindwa hata kukaa kitako. Nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, mwili hauwezi tena kutoa dalili ulizozizoea. Kidonda hakitungi usaha. Palipoingia bakteria huenda pasivimbe wala pasiwe pekundu. Mara nyingi kinachobaki ni homa tu, na homa ya nyuzi 38, ambayo nyumbani ungeilalia, hapa ni dharura: antibaiotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja hivi.

Kwa hiyo ukihisi baridi saa nane usiku, bonyeza kengele saa nane usiku. Usingoje madaktari wapite asubuhi. Wala usimeze parasetamoli uliyoletewa na ndugu ukaificha kwenye begi, maana itashusha homa kabla haijapimwa na maambukizi yataendelea kimyakimya. Aspirini na ibuprofeni usiziguse kabisa. Zinazidhoofisha chembe sahani, ambazo tayari umebakiwa na chache, na bila hizo damu haigandi upesi.

Kuna kutetemeka kwa aina yake ambako nataka ukujue. Kunakuja muda mfupi baada ya muuguzi kusukuma dawa au maji kwenye katheta ya kifuani, ule mpira mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Mwambie hivyo hivyo, "kumeanza baada ya kusukuma," naye daktari ataelewa kwamba huenda bakteria wamo ndani ya mpira wenyewe. Vingine vya kusema kabla hujaulizwa: vidoadoa vyekundu miguuni, fizi zinazotoka damu, kichwa kinachouma kuliko kawaida, choo kigumu, maumivu unapojisaidia. Hilo la mwisho ndilo watu wazima tunaloonea haya kuliko yote, na ni mahali ambapo maambukizi hupenya kwa urahisi. Hakuna muuguzi wa wodi ile atakayeshangaa.

Vidonda vya mdomoni navyo visikufanye shujaa. Omba dawa ya maumivu kabla ya chakula, si baada ya kushindwa kula.

Halafu kuna ndugu. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana nawe kikamilifu kwa aina ya tishu, ili aweze kukuchangia uboho. Ukiwa na ndugu wanne, bado kuna karibu nafasi moja katika tatu kwamba hata mmoja hatalingana. Waambie hesabu hii mapema, kwa sababu asiyelingana hujiona kama aliyekunyima kitu. Na yule anayelingana pia ana haki ya kuogopa. Mwache azungumze na daktari wewe ukiwa haupo. Akikosekana ndugu anayelingana, hutafutwa mchangiaji wa kujitolea asiye ndugu, na siku hizi hata mzazi au mtoto anayelingana nusu huweza kuchangia. Kundi la damu silo linaloamua. Kwetu lilizua ubishi mrefu, lakini ukweli ni kwamba watu wa makundi tofauti hupandikizana, na mpokeaji mwishowe hubadilika akawa wa kundi la mchangiaji.

Ndugu wenye moyo hutaka pia kukimbilia kukutolea damu. Wazuie. Anayeweza kuja kukupa uboho asikuongezee damu kabla, kwani mwili wako unaweza kujifunza kuzikataa chembe zake. Aende akatoe kwa ajili ya wagonjwa wengine. Damu haijawahi kuzidi.

Tarehe ya kupandikizwa itahama, pengine zaidi ya mara moja. Ukiuliza "lini?" utapewa jibu ambalo kesho litabadilika. Uliza "kimebaki nini?" Je, ugonjwa umetulia kwenye uboho uliochukuliwa nyongani? Mchangiaji amemaliza vipimo? Moyo, mapafu, ini na figo vimeangaliwa? Na meno je? Jino bovu unaloweza kulivumilia leo litakuwa balaa siku huna kinga, kwa hiyo litibiwe au ling'olewe mapema. Kama bado unatamani kuzaa, uliza habari ya kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya kemo ya kwanza. Ikiwa matibabu yalianza kwa haraka mno, uliza tena kabla ya zile dawa kali za kuuandaa mwili kupandikizwa, ambazo mara nyingi huondoa uwezo wa kuzaa. Swali hili husahaulika vibaya sana. Madaktari wanakimbizana na uhai wako, lianzishe wewe.

Wageni wenye mafua wasiingie, hata wakija na barakoa na machozi. Ila usiwafukuze kwa mdomo wako, nguvu hizo huna. Mnong'oneze muuguzi, yeye amezoea kuchukiwa. Shangazi akinuna, atainunia wodi, si wewe.