Muulize Anti: Magemu ya pati ambayo hayamwachi mtu pembeni

Shule zikikaribia kufungwa meseji za bethidei na vipati vya nyumbani zinakuja kwa fujo, nimechukua tatu ambazo naona zitawasaidia na wengine.

SWALI: Habari za kazi anti. Binti yangu anatimiza miaka 15 mwezi huu, nimemruhusu aalike wenzake kama 20 hivi, wavulana kwa wasichana, hapahapa nyumbani. Mwaka jana nilipika pilau, nikakodi spika, keki ilikuwepo, lakini watoto walikaa wasichana kivyao wavulana kivyao kila mtu na simu yake mpaka jioni wakaaga wakaondoka. Roho iliniuma. Nisaidie magemu ambayo hawataona ni ya kitoto. Mama wa Tabata, Dar.

JIBU: Nzuri mama mwenzangu, na pole, najua ulivyojisikia maana kupikia watu halafu nyumba ikawa kimya kama kuna mgonjwa inaumiza kwa kweli. Ila hao watoto hawakuchukia pati yako. Miaka 15 ni umri wa aibu, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kufanya kitu akachekwa, sasa ukimwambia aje katikati acheze muziki peke yake ndo umemfukuza kabisa. Anza na kitu ambacho hakuna anayesimama mbele za watu.

Mimi ningeanza na karatasi. Wakae duara, mmoja mvulana mmoja msichana au wapange kwa herufi za majina, ilimradi marafiki wasigandane, kila mtu apewe karatasi na peni. Kila mmoja anaandika juu sentensi moja ya ajabu, mfano "tembo anaendesha bodaboda kwenye mvua", anampa wa kulia kwake, yule anachora alichosoma kisha anakunja karatasi ile sentensi isionekane, anapeleka mbele, anayefuata anaona mchoro tu na anaandika anachodhani ni nini, anakunja, anapeleka, hivyohivyo mpaka karatasi imezunguka. Mkija kuzifungua zile karatasi yani utasikia kelele mpaka kwa jirani, maana tembo wako atakuwa ameshakuwa mama mwenye gunia la mkaa anayekimbizwa na mgambo. Na uzuri wake asiyejua kuchora ndo anachekesha zaidi, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Kwa watu 20 gawa makundi mawili isije ikachukua saa nzima.

Wakishachangamka leteni mafia. Hili gemu alilianzisha kijana mmoja anaitwa Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia pale Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1986, likasambaa dunia nzima kwa sababu halihitaji kitu zaidi ya watu na maneno yao. Chukua karata za kawaida, toa shupaza 4, kopa 1, uru 1 na pau zote 13 (wengine wanaziita maua), jumla zinakuwa 19 na mtu wa 20 ndo msimulizi. Zigawe kichwa chini, kila mtu aangalie yake kwa siri. Wenye shupaza ni mafia, mwenye kopa ni daktari, mwenye uru ni mpelelezi, pau wote ni raia. Msimulizi anasema usiku umeingia, wote wanafumba macho. Anawaita mafia wafumbue, wanakubaliana kwa kunyoosha kidole tu nani wanamuua, wanafumba. Daktari anafumbua anaonyesha mtu mmoja wa kumwokoa, akifumba anakuja mpelelezi, anamwonyesha mtu mmoja na msimulizi anamjibu kwa kichwa kama ni mafia au siyo. Kunakucha, msimulizi anatangaza nani amekufa au kama daktari amemwahi, na hapo mji mzima unaanza kubishana nani ni mafia na kupiga kura ya kumtoa mtu mmoja. Raia wakiwamaliza mafia wameshinda, mafia wakifika idadi sawa na waliobaki wameshinda wao.

Najua utauliza, si kuna watu wanatoka sasa? Wanatoka ndiyo, ila waliokufa hawafumbi tena macho usiku, wanaona kila kitu na hawaruhusiwi kusema, kwa hiyo wanabaki palepale wanajikaza wasicheke wakati muuaji anaapa kwa Mungu mbele ya watu kwamba yeye ni raia mwema. Mchague msimulizi mwenye maneno, asiishie kusema "fulani amekufa", aseme amekutwa kituo cha daladala na chapati mkononi. Gemu zima hapo.

Kama una uwanja mdogo wa mchanga basi jua likipoa warushie mpira wa soksi wacheze rede. Usidhani wataona ni ya kitoto, wameicheza shule ya msingi na wameimisi, na wavulana wenye miaka 15 wakiingia katikati kukwepa huku wanajaza mchanga kwenye chupa wanapata taabu kuliko wasichana. Kila mtaa una sheria zake za rede, waache wabishane wenyewe wakubaliane, hiyo nayo ni sehemu ya gemu.

Kiti cha muziki sikipendi sana kwa umri huu, nusu ya watu wanaishia kukaa pembeni na simu zinarudi mkononi. Ukilazimika basi anayetoka ndo aende kushika muziki, achague wimbo na aamue wakati wa kuuzima, kila anayetoka anampokea mwenzake. Na wewe mama wapishe, kaa jikoni au kibarazani, wakujue upo lakini usisimame mlangoni.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 16 nipo Morogoro. Tulikuwa kwa rafiki yetu tukacheza ukweli au kitendo, nikaulizwa nani nampenda darasani, nikakataa wakasema lazima, wakanizonga mpaka nikasema. Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi akaweka status. Sasa hivi hata shule sitaki kwenda. Nilikosea kucheza? Binti wa Moro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukukosea kucheza. Aliyekosea ni aliyekurekodi na waliokuzonga baada ya wewe kusema hapana, na nataka hilo ulishike kabisa kabla ya kusoma mengine. Status inapotea baada ya saa 24 lakini video inaweza kuwa imehifadhiwa na kutumwa kwingine, kwa hiyo leo hii mwambie mtu mzima unayemwamini, mama, dada mkubwa, mwalimu wa malezi, awasiliane na mzazi wa huyo kijana ifutwe. Kama kuna picha ya hiyo status mtunzie huyo mtu mzima. Usijibizane nao kwenye grupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, kwa hiyo siyo mambo ya utani kama watakavyokuambia. Na ukiona huna wa kumwambia nyumbani piga 116, ni namba ya simu ya watoto, bure, watakusikiliza.

Nyie wengine mnaosoma na mnaolipenda hili gemu, sisemi muache, nasema mlicheze vizuri. Simu zote kwenye beseni kabla hamjaanza, pamoja na ya mwenye nyumba. Maswali na vitendo mviandike mapema kwenye vikaratasi, mmoja avisome vyote atoe vya kubusu, vya kuvua nguo, vya kunywa vitu visivyoeleweka na vya kumtuma mtu nje ya geti usiku. Kila mtu awe na haki ya kusema "napita" bila kuulizwa kwa nini. Vitendo vizuri vipo tele, soma meseji ya bando limeisha kwa sauti ya mtangazaji wa mpira goli likifungwa dakika ya tisini, omba mkopo kwa spika kana kwamba ni afisa wa benki, imba orodha ya mboga za sokoni kwa mahadhi ya taarabu huku wenzako wanakutunza kwa vikaratasi. Na ukweli waulizane vya kawaida, uongo gani wa mwisho ulimdanganya mwalimu, chakula gani cha nyumbani unajifanya unakipenda. Hapo watu wanacheka na hakuna anayerudi nyumbani analia.

SWALI: Asalaam aleikum anti. Sisi wasichana saba wa Mombasa twataka kukutana Idi, ndani tu kwa bibi, na mwenzetu mmoja atembea kwa magongo. Magemu tuliyopata yote ni ya kukimbia. Wasichana wa Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam wanangu, Idi njema mapema. Mna bahati mko kwa bibi, mtumieni. Fanyeni vitendawili kwa kushindania miji. Mjigawe watatu watatu, wa saba awe mwamuzi pamoja na bibi. Upande mmoja unaita kitendawili, wa pili unajibu tega, wakishindwa wanaambiwa toeni mji, na Kenya ina kaunti 47 kwa hiyo miji haiwaishii. Aliyepewa mji haupokei hivihivi, lazima aeleze amefika huko amefanya nini, kama ni Lamu asimulie amepanda punda gani na amekula halua ya nani, akiishiwa maneno mji unarudi. Nusu viwe vya zamani, kuku wangu katagia mibani, nyumba yangu haina mlango, na nusu mtunge wenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kama hiki, "namlisha kila siku asubuhi na jioni lakini hashibi". Nimekitega mimi, msipojua nipeni Malindi.