Ukitaka kurudia James Bond zote, tafuta asiyewahi kuziona

Jumapili ya kwanza tulikuwa wanne sebuleni kwangu, Majengo, Moshi, na kabla Dr. No, filamu ya kwanza ya jasusi wa Kiingereza James Bond, haijafika nusu wawili walikuwa wamelala. Mke wangu alilala na bakuli la bisi mapajani. Mzee wa jirani, mstaafu wa ushirika wa kahawa ambaye mtaa mzima tunamwita Babu, alikuwa anakoroma taratibu. Mimi ndiye niliyewaita, mimi ndiye niliyewaahidi moto. Nilijisikia kama mtu aliyesifia mgahawa wiki nzima, halafu wageni wake wakaletewa wali mbichi.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa kike, yuko chuo, miaka 19, na hakuwa ameona hata filamu moja ya James Bond maishani mwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi, namuona kabisa anatafuta sababu ya kuondoka. Ghafla akainua kichwa. "Mjomba, huyu baba ametumwa akaokote viatu? Mtu mzima?"

Nilikuwa nimeiona filamu ile si chini ya mara sita. Sijawahi kukiona kile kipande. Yaani nilikuwa nakitazama, ila sikioni: Bond anamwambia Quarrel, mvuvi Mjamaika anayemsaidia kazi kwa moyo wote, amletee viatu vyake, kama unavyomtuma mtoto. Baadaye Quarrel huyohuyo anateketezwa kwa moto wa lile gari walilolifanya zimwi, na Bond anaendelea na safari. Tukasimamisha filamu. Babu akaamka kwa zogo, akauliza kuna nini, akaelezwa, akakaa vizuri. Akatuambia tuangalie mwaka: filamu ilipigwa mwanzoni mwa 1962, Jamaica ikapata uhuru Agosti 1962, filamu ikaonyeshwa London Oktoba. "Walipokuwa wanapiga picha, Mwingereza alikuwa bado yuko ndani ya nyumba," akasema. "Sisi huku mwenge ulikuwa umeshapanda mlimani tangu Desemba. Mimi nilikuwa darasani." Hapo habari za Bond zikakaa kando, tukasikiliza habari za 1961 mpaka saa nne usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio wenye uzito kuliko mingine yote: usikusanye mashabiki watupu. Mashabiki watano wakirudia filamu wanayoijua watakachofanya ni kusubiri vipande wanavyovipenda na kuitikia kama kiitikio cha kwaya. Tafuta mmoja ambaye hajui kitu. Umkalishe mbele. Halafu wewe mwangalie yeye kuliko unavyoiangalia luninga.

Mpango wenyewe. Mfululizo rasmi una filamu 25, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, na jumla yake ni zaidi ya saa 50. Tulijiwekea moja kila Jumapili jioni. Kwa hesabu ni nusu mwaka. Kwa ukweli, ukitoa misiba, kipaimara, mechi na wiki mbili za mvua ambazo Babu hakuthubutu kuvuka tope, ilituchukua miezi tisa. Usione vibaya. Wanaomaliza zote ndani ya wiki mbili nawafahamu, ukiwauliza Octopussy ilihusu nini wanakutajia India na mamba, basi.

Tufuate mpangilio gani? Sisi tulifuata wa kutolewa na siujutii. Mtu mpya akianza na Daniel Craig, Bond wa filamu za mwisho, akirudi nyuma kwa Roger Moore, Bond wa miaka ya sabini na themanini, atadhani anachezewa. Isitoshe, kuna raha za makosa ambazo huzipati ukirukaruka. Kwenye You Only Live Twice ya 1967, Bond na yule adui mkuu Blofeld wanakutana uso kwa uso. Filamu inayofuata, On Her Majesty's Secret Service ya 1969, wanakaa pamoja, wanaongea, na Blofeld hamtambui! Sawa, waigizaji wote wawili wamebadilika: Sean Connery ametoka kaingia George Lazenby, na Donald Pleasence nafasi yake kaichukua Telly Savalas. Lakini mpwa wangu hakutaka visingizio. "Si juzi tu hawa wametaka kuuana?"

Hapo pia niwape tahadhari ya majina. Kijana mmoja mjini alinijazia flashi, nikamlipa, nikaondoka na furaha. Wiki ya Casino Royale ilipofika, badala ya Daniel Craig akatokea David Niven, katikati ya vichekesho visivyo na kichwa wala miguu. Ni Casino Royale ya 1967, ya mzaha, wala haimo kwenye mfululizo. Watu wameshakaa, chai ya tangawizi imeshamiminwa. Angalia mwaka, usiangalie jina tu. Vilevile Never Say Never Again ya 1983, Connery yumo kweli, lakini ilitengenezwa na watu wengine na hadithi yake ni Thunderball iliyorudiwa. Na ukiweza, lipia filamu mahali halali. Mimi baada ya aibu ile nililipia zilizobaki na sikupata tena kisanga.

Sasa suala la kuongea. Nilianza na sheria ya kunyamaza, naona nilitaka tuwe wastaarabu. Sheria haikufika hata Goldfinger, filamu ya tatu. Na kwa nini ifike? Wengi wetu tumekulia mabanda ya video, ambako msimuliaji anaweka sauti yake juu ya sauti ya steringi, anamuonya, anamtania, anamtaja kwa jina la mtaani, na banda zima linajibu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anyamaze saa mbili unamuonea. Tulikubaliana hivi: ongea unavyotaka kuhusu unachokiona sasa, lakini ukihadithia kinachokuja, faini ni mishikaki ya watu wote. Nilinunua mishikaki Jumapili nne mfululizo. Kosa langu kubwa halikuwa maneno hata, lilikuwa lile la kusema "subiri, subiri uone" na kujipanga kwenye kochi. Mpwa wangu alisema akiona nimejipanga tu anajua kuna mtu anakufa.

Mwenye kosa kubwa kuliko langu alikuwa Arusha. Shemeji yangu anaishi Njiro, kama kilomita 80 kutoka hapa, akataka tuangalie pamoja kwa kubonyeza wakati mmoja na kuandikiana kwenye kundi la WhatsApp. Wazo zuri sana, mpaka usiku wa On Her Majesty's Secret Service. Zimebaki dakika chache, Bond ameoa, gari limepambwa maua, umeme wa Majengo ukakatika. Tumekaa gizani tunasubiri, simu zote tatu zikalia pamoja: "JAMANI WAMEMUUA BIBI HARUSI!!!" Umeme uliporudi tuliangalia mwisho ule kama watu wanaosoma barua iliyokwishafunguliwa. Mpwa wangu hakuongea na shangazi yake siku tatu. Kama mna wenzenu wa mbali, waambie warekodi ujumbe wa sauti wakiwa wanaangalia, wautume filamu ikishaisha. Sisi tulifanya hivyo na ikawa bora kuliko kuandikiana. Bado ninao ule wa shemeji akiangalia Moonraker, dakika nne, kicheko kitupu, kwa sababu ya yule njiwa wa Venice anayegeuza shingo mara mbili asiamini anachokiona.

Moonraker, kwa kusema kweli, ni filamu mbovu. Ndiyo iliyotuchekesha kuliko zote. Jifunze kutofautisha filamu nzuri na jioni nzuri, kwa sababu haziendi pamoja. Thunderball inasifiwa, sisi ile mipigano ya chini ya maji ilituchosha, mpaka mke wangu akauliza kama hawa wanaogelea kwenda Mombasa. Wakati huohuo Licence to Kill ya 1989, ambayo sikuwa na hamu nayo, ndiyo iliyomfanya aache kulala. Timothy Dalton alicheza mbili tu, na humo mke wa rafiki yake ameuawa, rafiki mwenyewe ametafunwa na papa, kazi amenyang'anywa leseni, na usoni unaona kabisa kwamba huyu mtu ana hasira ya kweli. "Huyu ndiye jasusi," mke wangu akasema. "Wale wengine walikuwa wanauza suti."

Kila mtu atamtetea Bond wa kwanza aliyemuona, hilo mlijue mapema msije mkakosana. Babu ni Connery mpaka kaburini. Mimi Pierce Brosnan, kwa sababu ya ile ruka ya kwenye bwawa mwanzoni mwa GoldenEye, ambayo tuliiona bandani tukatoka nje kuiiga kwenye ukuta wa jirani. Nilivunjika mkono. Sasa nimeirudia nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, na Brosnan bado anapendeza, lakini Die Another Day na gari lisiloonekana, hapana, nilishindwa kuitetea, nikaenda jikoni kuangalia ndizi.

Ushauri ambao hakuna aliyenipa: mkabidhi kila mtu mhusika mdogo wa kumfuatilia. Bond hubadilika sura, wadogo ndio wanaokaa. Desmond Llewelyn, mzee wa vifaa anayeitwa Q, ametokea kwenye filamu 17, tangu 1963 hadi 1999. Babu ndiye aliyemchukua. Alimuona anaanza akiwa mtu wa makamo na begi lake, akamuona anazeeka Jumapili baada ya Jumapili, analalamika vifaa vinaharibiwa, kama mtunza stoo yeyote wa ushirika. Kwenye The World Is Not Enough, Q anamuaga Bond, kisha anashuka polepole sakafuni hadi haonekani. Nikamwambia Babu kwamba filamu ilitoka Novemba 1999 na Desemba yule mzee akafa kwa ajali ya gari. Babu akavua kofia. Hakusema kitu, akaishika tu magotini mpaka filamu ikaisha. Mke wangu naye alimchukua M, bosi wa Bond, wa Judi Dench, kuanzia 1995, na alipofika Skyfall, ambako M anakufa, nadhani hata mtaa wa pili walisikia kilio.

Craig tulimpata vizuri kwa sababu tulikuwa tumeshajua nini kinavunjwa. Ile mbio ya mwanzo wa Casino Royale, yule anayekimbizwa anapita kwenye kitundu kama paka, Bond anapita ukutani kama lori. Wanasema ni Madagascar, ilipigwa Bahamas. Filamu zake nyingi zina giza, kwa hiyo kama unatumia projekta na shuka kama sisi, subiri jua lizame, na sabufa izimwe saa tatu usiku kama jirani ana mtoto mchanga.

Jambo moja ambalo nilitaka kulizuia, nikashindwa, nashukuru: Babu hakubali filamu izimwe majina yakianza kupanda. Anasema zamani sinema ukilipa unaangalia mpaka taa ziwake. Alikuwa anasubiri yale maneno ya mwisho yanayoahidi kwamba James Bond atarudi. The Spy Who Loved Me ya 1977 ilimuahidi For Your Eyes Only. Wiki iliyofuata nikamwekea Moonraker. Akasema nimemwibia Jumapili. Ikabidi nimweleze kwamba ni wao waliobadili, kwa sababu 1977 ilikuwa mwaka wa Star Wars na wakataka kwenda angani haraka. "Basi wamesema uongo kwa maandishi," akasema, na tangu siku hiyo akawa anasoma kama mkaguzi wa hesabu.

Ikafika ya 25. No Time to Die ina dakika 163, tulianza jua lilipozama na mtori ukiwa tayari. Mimi najua mwisho tangu 2021. Nilijiambia sitajipanga kwenye kochi, sitasema subiri, nitakaa kama nguo iliyoanikwa. Bandani tulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua: steringi hafi. Akipigwa risasi ya bega anafunga kitambaa, anaendelea. Mpwa wangu hakukulia bandani, lakini Jumapili 24 zilikuwa zimeshamfundisha sheria hiyohiyo. Makombora yakarushwa. Bond yuko juu ya paa, anaongea kwa redio na mwanamke anayempenda. Mpwa wangu anatabasamu. Anatafuta mlango, kamba, boti, chochote. Nilimuona anavyotafuta. Halafu mwanga.

"Anatokea wapi?" akaniuliza. Nikanyamaza. "Mjomba. Anatokea wapi?"

Mke wangu akamshika bega. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti, maana majina yalikuwa yameanza na sikutaka akae pale na muziki ule.

"Acha," Babu akasema.

Tukakaa. Majina yakapanda, ya wapishi, ya madereva, ya washona nguo, mtori ukapoa. Mwisho kabisa yakatokea maneno yaleyale, kwamba James Bond atarudi. Babu akainuka, akaenda mpaka kwenye shuka, akayasoma kwa sauti kidole kikipita juu ya kila neno, kisha akamgeukia binti.

"Nilikwambia mimi. Steringi hafi." Akavaa kofia yake. "Jumapili saa ngapi?"