Msiulize mbegu ya mbwa, ulizeni anavyofugwa

Kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Rau, Moshi, jirani mmoja alisimama akataka tukubaliane kwamba mbwa wa mbegu ya rotiwaila na pitibuli wasifugwe tena mtaani. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono. Nilichokisema siku ile nakiandika hapa, maana hoja hii najua itafika na kwenu.

Mbwa aliyeng'ata mtoto mtaani kwetu miaka minne iliyopita hakuwa rotiwaila. Alikuwa Simba wangu, mbwa koko niliyemtoa Kibosho akiwa na wiki nne tu. Alipofikisha miezi mitatu nikamfunga mnyororo nyuma ya banda la kuku, kutwa nzima, kwa kuwa nilifundishwa tangu utotoni kwamba mbwa akizoea watu halindi. Pale alipofungwa palikuwa na duara la udongo mtupu, hapaoti hata jani, kwa jinsi alivyokuwa akizunguka.

Siku moja mpira wa watoto ukarukia uani kwangu. Mtoto wa jirani, miaka saba, akaingia kuufuata, na pete ya mnyororo ilikuwa imeshalika. Nilipofika nilikuta matundu manne kwenye shavu la mguu wa mtoto, na Simba amejibanza ukutani anatetemeka. Mama mmoja, nesi mstaafu, akapiga kelele: "Hakuna kupaka mafuta ya taa! Leteni sabuni!" Tukaosha jeraha kwa maji yanayotiririka dakika 15, ndipo tukakimbilia hospitali kwa chanjo. Simba hakuwa amechanjwa. Siku 10 za kumwangalia kama ataonyesha dalili za kichaa sitazisahau, na kila asubuhi mama wa mtoto alikuja getini kuuliza, "Yu hai?"

Hakuugua. Daktari wa mifugo alipofungua mkanda wa shingoni, manyoya yalibaki kwenye mkanda, ngozi mbichi. Akaniuliza, "Mara ya mwisho kumshika mbwa wako ni lini?" Sikuwa na jibu.

Wakati huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna rotiwaila anayetembezwa kila jioni, na hajawahi kumgusa mtu. Sheria mliyoitaka ingemwondoa huyo na kumwacha wangu.

Sikatai kwamba taya la mbwa mkubwa linaumiza zaidi. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa awe na ukuta na geti la maana, tumbane hapo. Lakini orodha ya mbegu wenzetu wameshaijaribu. Uingereza ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991, pitibuli akiwamo, na bado mwishoni mwa 2023 ikalazimika kuongeza ya tano. Kule mbwa anahukumiwa kwa umbo lake, hata kama wazazi wake hawajulikani. Uholanzi ilikuwa na marufuku ya pitibuli, ikaifuta 2008 baada ya kuona watu hawapungui kung'atwa. Na huku kwetu, ambako karibu kila mbwa amechanganyika, nani atasimama getini aseme huyu ni pitibuli na huyu siye?

Kinachonitisha zaidi ni hiki: ukimtangaza mbwa kuwa haramu, mwenyewe atamficha. Mbwa aliyefichwa hapelekwi kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa hakichagui mbegu, na ili kikatike inabidi tuchanje angalau mbwa 70 katika kila 100.

Kama una mbwa, au unataka kufuga, nakuomba uanzie hapa. Mtoto wa mbwa akae na mama yake hadi wiki nane. Hapo ndipo anajifunza kung'ata bila kuumiza. Miezi ya mwanzo mkutanishe na watoto, wazee, bodaboda, wenye miavuli. Atalinda tu, usiogope. Mjengee banda lenye uzio badala ya mnyororo. Chanjo kila mwaka, na kadi uitunze. Kibao cha "Mbwa Mkali" usikitegemee, mtoto wa chekechea hakisomi. Watoto nao wafundishwe: mbwa akikujia usikimbie, simama wima, mikono chini, usimkazie macho, na akiwa anakula au ananyonyesha, mwache.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 tunayo tayari, na inamdai mwenye mnyama amtunze. Tukiwa na la kupitisha mtaani, liwe kwa mwenye mbwa: amechanja? Uzio uko wapi? Mbwa anazurura?

Mwenyekiti aliahirisha uamuzi. Jumapili baada ya ibada tunakutana tena, na yule mama wa mtoto amekubali tupite pamoja nyumba kwa nyumba kuandika mbwa na tarehe za chanjo. Jina la kwanza kwenye daftari ni Simba.