Maswali ya Angani: Hiyo ni Nyota, si Kundinyota

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nimeyafupisha maswali kidogo.

Nimeona kundinyota linalong'aa sana upande wa magharibi, jua limezama tu. Ni lipi hilo?

Kwa jinsi ulivyoeleza, uliona nukta moja, na nukta moja haiwi kundinyota hata iwake namna gani. Huenda hata si nyota. Kinachong'aa hivyo magharibi wakati anga bado lina wekundu mara nyingi ni Zuhura, nayo ni sayari. Iangalie tena kesho. Nyota humetameta: iko mbali mno, nuru yake hutufikia nyembamba kama uzi, na hewa inayotikisika juu yetu huuchezea uzi huo. Sayari huonekana na upana kidogo, hivyo nuru yake hutulia. Kipimo hiki hudanganya tu kitu kikiwa chini kabisa, karibu na upeo wa macho.

Basi kundinyota ni nini hasa? Ni mchoro, au ni nyota zenyewe?

Zamani ulikuwa mchoro. Mwanaastronomia Klaudio Ptolemaio, katika karne ya 2, aliorodhesha makundinyota 48: wawindaji, wanyama, mashujaa. Waliokuja baadaye waliongeza yao, na kila mchora ramani alikata anga alivyopenda. Kuna nyota moja iliyokuwa kichwa cha binti Andromeda na papo hapo kitovu cha farasi Pegasi, ikabeba majina mawili na kuhesabiwa pande zote mbili.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali orodha ya makundinyota 88 mwaka 1922, kisha Mbelgiji Eugène Delporte akachora mipaka iliyochapishwa mwaka 1930. Ile nyota ya majina mawili ikaangukia Andromeda, na farasi akabaki bila kitovu. Tangu hapo kundinyota ni eneo la anga lenye mipaka, kama kiwanja kilichopimwa. Hakuna kipande cha anga kisicho na mwenyewe, na kila nyota, hata ile isiyoonekana bila darubini, ina kundinyota lake. Nyota ni kitu: tufe la gesi linalowaka kwa nguvu zake lenyewe. Kundinyota ni mahali tu pa kuelekeza jicho.

Lakini nyota za kundinyota moja si ziko pamoja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana macho yetu hayana njia ya kujua kina cha anga. Chukua Kantarusi, kundinyota la kusini. Lina nyota mbili kali zinazokaa kama pacha; vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa vinatosha kuziba pengo lililo kati yake. Moja ni Rijili Kantori, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi; mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Ya pili, Beta ya Kantarusi, iko karibu miaka ya nuru 390. Ukiziangalia usiku huu, nuru ya ile ya kwanza iliondoka huko miaka minne na kitu iliyopita. Ya jirani yake imekuwa njiani kwa karibu karne nne. Ujirani wao ni wa kwetu sisi tunaotazama. Zenyewe hazihusiani.

Fuata mstari wa hizo mbili utafika Salibu, kundinyota dogo kuliko yote 88. Nyota ya kichwani mwa msalaba iko kama miaka ya nuru 88, ile ya mguuni kama 320. Ungeweza kuuzunguka msalaba huo na kuutazama kwa ubavu, usingeona msalaba wowote.

Tena nyota hizi hutembea. Mwaka 1718 mwanaastronomia Edmond Halley alilinganisha orodha za kale na vipimo vya zama zake, akaona nyota ya Shira na wenzake wachache wamehama mahali walipoandikwa. Ni mwendo usioonekana kwa umri wa mtu, lakini picha zote za angani zinavunjika taratibu.

Na Kilimia je? Nyota au kundinyota?

Si hiki wala kile. Kilimia ni fungunyota: nyota zaidi ya elfu moja zilizozaliwa pamoja kweli na zinazosafiri pamoja, ingawa macho matupu huona sita au saba tu. Fungu hilo zima limo ndani ya kundinyota la Ng'ombe. Kwa hiyo ukitafuta udugu wa kweli angani, utafute kwenye mafungu.

Mwanangu anasema Shira ndiyo nyota ya Mbwa. Je, Mbwa na Shira ni kitu kimoja?

Mbwa Mkubwa ni kundinyota. Shira ni nyota iliyomo, na ndiyo inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Iko karibu, miaka ya nuru 8.6. Mwanao yuko sahihi, mradi asimwite mbwa mzima Shira.

Nyota ya kaskazini, Kutubu, si ndiyo kali kuliko zote?

Hapana. Zaidi ya nyota 40 zinaizidi. Sifa yake ni mahali ilipo, karibu kabisa na ncha ya anga, basi.

Jua letu ni nyota. Liko kundinyota gani?

Kwa kuwa tunalizunguka, Jua huonekana likipita mbele ya makundinyota mbalimbali mwaka mzima. Ni 13 kwa mipaka ya leo, si 12 kama wapiga ramli wanavyohesabu. Halina kwao. Lakini jiweke kwenye Rijili Kantori ugeuke kutazama tulikotoka. Ungeiona W ya nyota tano za kundinyota la Kasiopeia karibu vilevile tunavyoiona hapa, ila pembeni yake pangekuwa na nyota ya sita, kali kuliko zile tano. Hiyo ndiyo sisi.