Kola ya marinda inalegea

SWALI: Nashonea kikundi cha maigizo mavazi ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Kola kubwa ya marinda, niliyoishona kwa polista, inalegea kabla onyesho halijaisha, na nimeitia wanga mara mbili. Tatizo ni nini?

JIBU: Polista. Haisharabu maji, kwa hiyo wanga hukaa juu juu na kubanduka kola inapotikisika. Tafuta kitani chembamba, au pamba nyepesi kikikosekana.

Kwa shingo ya sm 40, unga vipande upate utepe wa mita 6, upana sm 7 ukishapindwa. Wengi hubana matumizi wakakata mita 3. Marinda yanakosa kuegemeana, na hapo wanga hausaidii kitu. Piga bandi safu mbili zinazolingana, kila mshono sm 1, vuta nyuzi, kisha shikiza rinda moja moja kwenye ukanda wa shingo.

Koroga vijiko 3 vya wanga katika maji baridi kidogo, ndipo umimine kwenye nusu lita ya maji yanayochemka. Ukiutia mkavu, utafanya madonge na kuacha madoa. Upike mpaka ung'ae. Usichovye tu, sugua uingie kwenye nyuzi, kamua, anika, kisha nyunyizia maji.

Kazi yenyewe ni kupanga. Miaka ya 1570 mafundi wa London walianza kutumia vijiti vya chuma vilivyopashwa moto badala ya vya mti au mfupa. Tumia chuma cha mviringo chenye kipenyo cha sm 1.5, ukijaribu kwanza kwenye karatasi: ikigeuka kahawia, subiri. Pitisha utepe juu, halafu chini, kwa umbo la namba 8, upate namba 8 kama 60. Bana kwa pini na uziache mpaka zipoe kabisa, la sivyo zinafunguka.

Kola yenye upana unaozidi sm 10 iwekewe fremu ya waya chini. Unyevu hauna dawa: Philip Stubbes, mwandishi Mwingereza, mwaka 1583 alizikejeli kola zilizonyeshewa. Ukishafua, unapanga upya.

SWALI: Ni kweli wanga wa zamani uliwaumiza wafuaji?

JIBU: Wanga wa aina moja, ndiyo. Mwaka 1597 John Gerard, mtaalamu Mwingereza wa mimea, aliandika kwamba wanga mweupe kuliko wote ulitoka kwenye mizizi ya aramu, mmea wa porini wa Ulaya, nao ulipasua mikono na kuitia malengelenge. Wewe tumia wa ngano au mahindi.