Usivumilie Kimya Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Nilipoambiwa kwamba gego langu la chini upande wa kushoto halikuwa la kuzibwa tu, bali lilihitaji kutibiwa mpaka ndani ya mizizi, nilimuuliza daktari kama hawezi kuling'oa siku hiyo hiyo tukamalizana. Nikiwa na miaka tisa niling'olewa jino katika zahanati moja kabla ganzi haijashika, mjomba akiwa amenikamata mabega, na kila nilipopiga kelele jibu lilikuwa neno moja: vumilia. Baada ya hapo nilikaa zaidi ya miaka 20 bila kumwona daktari wa meno, na tundu dogo likapata nafasi ya kuchimba hadi kwenye kiini, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu.

Nikijichunguza vizuri, naona kilichokuwa kinanitisha si sindano wala mashine, bali ni kule kulala chali mdomo umejaa vifaa, huwezi kusema lolote. Kwa hiyo, kabla kiti hakijashushwa, nilimsimulia daktari habari yote, hata ile ya mjomba, ingawa niliona haya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, ukiinua mkono wa kushoto mimi nasimama, hata iwe mara kumi." Mkono wa kushoto, kwa sababu yeye alikaa kuliani kwangu. Mashine ilipoanza tu niliuinua, ingawa hapakuwa na maumivu yoyote, nilitaka kuhakikisha. Mashine ikanyamaza. Hakuna dawa iliyonituliza siku ile kuliko ukimya ule, na kama kuna jambo moja la kuchukua kwangu, basi ni hili: wekeaneni ishara, halafu ijaribu mapema.

Kuhusu ganzi, yapo mambo mawili ambayo ningependa ningeambiwa zamani. La kwanza, ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili idumu, na adrenalini hiyo inaweza kuufanya moyo udunde kwa nguvu kwa dakika chache. Mimi nilidhani nazimia kwa woga, kumbe ni dawa. (Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amweleze daktari mapema.) La pili, gego la chini ambalo kiini chake kimevimba ni kaidi: mdomo unaweza kufa ganzi kabisa huku jino lenyewe bado liko macho. Omba lijaribiwe kwa kitu cha baridi kabla ya kuanza. Langu lilijaribiwa likaonekana limelala, lakini mashine ilipokaribia kiini nilihisi kitu kama umeme. Niliinua mkono, nikaongezewa sindano kando ya jino, tukasubiri, na baada ya hapo nilihisi msukumo tu, si maumivu. Mvumilivu hula mbivu, lakini si kwenye kiti kile.

Utafunikwa mdomo kwa kitambaa cha mpira kinachoacha jino moja tu nje. Mwanzoni utahisi kama unakabwa, ila ndicho kinachozuia maji, vifaa vidogo na dawa ya kuoshea mizizi, yenye harufu ile ile ya jiki, visiingie kooni. Utapumua kwa pua, kwa hiyo ukiwa na mafua makali ahirisha. Mimi nilivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Taya likichoka, omba kipande cha mpira cha kung'ata. Rafiki yangu huziba masikio kwa taarabu. Mimi nilitaka kusikia, na nilipoelezwa kwamba mlio wa "pi, pi, pi" unaonyesha kisindano cha kusafishia mzizi kinakaribia ncha yake, mlio huo ukaacha kunitisha.

Kula kabla ya kwenda, kwa sababu baadaye hutaweza. Niliharakisha chai na chapati mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, nikajing'ata mdomo wa chini mpaka damu, na kidonda hicho kilinisumbua kuliko jino. Kuuma kidogo unapong'ata kwa siku chache ni kawaida. Daktari atakuandikia dawa ya maumivu, ila mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asijinunulie ibuprofeni kiholela. Uso ukivimba au homa ikipanda, rudi siku hiyo hiyo. Wala usilitafunie jino lenye kizibo cha muda, maana gego lililotobolewa hivyo hupasuka kirahisi.

Kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga lisipasuke, niliwekewa wiki tatu baadaye. Siku hiyo mkono wa kushoto niliuinua mara moja tu, nikitaka kupiga chafya.