Msimu wa maembe umefika na figo inasumbua, ule nini?

Joto limeanza Dar, maembe na mananasi yamejaa kila kona, na meseji za wenye shida ya figo zimekuwa nyingi. Nimechukua chache.

Baba ana tatizo la figo, dokta kasema apunguze potasiamu. Embe aache kabisa?

Asiache kabisa jamani, msimu wenyewe ndo huu. Potasiamu ni madini ambayo figo nzima inayatoa kwa mkojo, figo ikichoka yanabaki kwenye damu na yakizidi moyo unapiga ovyo, unaweza hata kusimama, ndo maana dokta kakazia. Kikombe cha embe la kukatakata kina kama miligramu 275, nanasi kikombe hichohicho kama 180, ndizi mbivu moja ya kawaida inapita 400. Sasa mkatie nusu kikombe, weka kwenye kibakuli chake, linalobaki wale watoto. Usimpe embe zima na kisu, hapo hakuna anayeachia katikati! Na muulizeni dokta potasiamu ya mzee kwenye kipimo cha damu inasoma ngapi, kawaida ni kama 3.5 mpaka 5, kwa sababu wapo wagonjwa wa figo ambao hawajafika hatua ya kubanwa matunda.

Na nikimsagia juisi?

Hapana dada. Glasi moja inameza maembe mawili bila mtu kushtuka, halafu mnaongeza pasheni ambayo potasiamu yake iko juu sana. Madafu, ukwaju na ubuyu vilevile, najua tunavisifia kwa afya ila kwa figo iliyochoka vinaumiza.

Mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, tikiti anaweza kula?

Kipande kidogo sawa, potasiamu yake si nyingi. Shida ni maji, tikiti zaidi ya asilimia 90 ni maji na mama kapimiwa maji ya kunywa kwa siku, kwa hiyo kipande kihesabiwe humohumo.

Embe bichi na chumvi na pilipili?

Pilipili weka, ndimu kamulia kidogo, chumvi acha, inapandisha presha na kuleta kiu. Ile chumvi mbadala ya dukani ndo usiguse kabisa, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Huku Tanga tunatia birimbi kwenye kachumbari, ina shida?

Ina shida mwanangu, birimbi ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea, na oksaleti inaumiza figo, tumia ndimu. Ndugu yake, lile tunda la njano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, ni baya zaidi, lina sumu ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa, inapanda kwenye ubongo. Hata moja tu linaweza kumletea mgonjwa kwikwi isiyokata, kuchanganyikiwa, degedege, na watu wameshakufa. Kama ameshakula na kwikwi imeanza msingoje asubuhi, mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kusafisha damu na mwambieni dokta amekula tunda gani.